Langas Ilipokuwa Shamba

Baba yangu aliingia Langas, kando ya mji wa Eldoret, kwa hisa. Ilikuwa miaka ya sitini, baada ya Uhuru, na walowezi wa Uasin Gishu walikuwa wakiuza mashamba yao mmoja baada ya mwingine. Wengi wao walikuwa Makaburu, watoto na wajukuu wa wale waliofika kutoka Afrika Kusini mwaka 1908 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na bendera ilipobadilika wakaamua kurudi kusini. Mashamba mengine serikali iliyanunua ikawagawia watu katika skimu za makazi. Mengine yalinunuliwa na wafanyakazi wenyewe, watu wa jembe na trekta, waliochanga kidogo kidogo, wakaunda kundi, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, kisha wakaenda kumwona mwenye shamba. Langas ilipatikana hivyo.

Hati miliki ilikuwa moja kwa shamba zima. Kila mwanachama alipewa cheti cha hisa, na kwa hisa zake akaonyeshwa ekari zake: kutoka mti huu hadi ule mtaro, kutoka mtaro hadi ua wa miwati. Mama aliweka cheti chetu ndani ya mkebe wa majani chai, na mkebe ukakaa juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Sikujua wakati ule kwamba nusu ya maisha yangu ningeitumia kueleza maana ya karatasi ile mbele ya watu wenye mihuri.

Tulikuwa mashambani hasa. Eldoret iko juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai ilitukuta miguu mitupu kwenye umande. Tulilima mahindi, na maharagwe katikati ya mahindi. Maziwa ya asubuhi yalipelekwa kiwanda cha maziwa cha KCC kwa baiskeli. Kuni tuliokota kwenye miwati ya EATEC, kampuni iliyokuwa na maelfu ya ekari kuuzunguka mji, ikitengeneza dawa ya kutia ngozi kutokana na magome ya miti ile. Kwenda mjini kulikuwa safari: tulifuata barabara ya Kisumu kwa miguu, tukavuka mto Sosiani, tukaingia kwenye maduka ya Wahindi. Mji ulikuwa na manispaa tangu 1929 na reli tangu 1924, lakini kwetu hayo yote yalikuwa mambo ya ng'ambo ya mto. Usiku tuliona taa zake kwa mbali, na huku kwetu tulikuwa na koroboi.

Wazee wale wa kwanza nawaheshimu kwa jambo moja ambalo vitabu vya historia havitaliandika. Kabla ya kugawana ekari walitenga mahali pa shule. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja alikuwa ametoa jasho lake na kila mmoja alitaka ardhi yake yote, lakini walikubali kila hisa ipunguzwe kidogo ili watoto wapate mahali pa kusomea. Watoto walisoma pale, na wajukuu wakasoma pale. Ningeulizwa leo ni nani aliyejenga mtaa huu, ningeanza na wanaume wale waliosimama shambani na kamba ya kupimia na kusema, hapa pabaki wazi.

Mambo yalianza kubadilika katikati ya miaka ya sabini, na yaliyoyabadilisha ni viwanda. Rivatex, kiwanda cha nguo, ilianzishwa 1975. Palikuwa na viwanda vingine vya nguo, vya mbao, vya maziwa. Vijana walifika kutoka Kakamega, Bungoma, Siaya, Kisii, Murang'a, wakapata kazi ya zamu, lakini vyumba mjini vilikuwa vichache na ghali. Wakaanza kupanda huku kwetu kuuliza.

Nakumbuka mpangaji wetu wa kwanza. Alikuwa kijana mpole wa kutoka magharibi, aliyebeba begi la turubai na godoro lililokunjwa. Baba alimwambia hatuna nyumba ya kukodisha. Kijana akaomba ghala. Ghala lilikuwa tupu, mahindi yalikuwa hayajavunwa, basi akapewa, na Mama akalikandika upya kwa udongo na samadi. Mwisho wa mwezi akaleta pesa bila kudaiwa. Mama aliziweka mezani, akatafakari. Ng'ombe huugua, mvua huchelewa, mahindi huingiliwa na wadudu, lakini kijana yule alilipa kila mwezi. Kabla ya mwaka kwisha palikuwa na vyumba kadhaa vya udongo na mabati vikitazamana, uwanja mdogo katikati, choo cha shimo nyuma. Sensa ya 1979 ilihesabu watu zaidi ya 50,000 Eldoret. Ya 1989 ikahesabu zaidi ya 110,000. Wengi katika ongezeko hilo walilala katika vyumba vya namna ile, Langas, Huruma, Munyaka, Kamukunji, katika mashamba ya watu kama sisi.

Baada ya kukodisha kukaja kuuza. Mara nyingi ilianza na shida: karo ya sekondari, hospitali, mazishi. Mzee alimwendea mtu anayemfahamu, labda mpangaji wake mwenyewe aliyekwisha kukaa miaka, akamuuzia robo ekari. Aliyenunua robo naye, baada ya muda, akauza nusu yake. Ndipo likaja lile jina lililotawala maisha yetu, hamsini kwa mia, yaani futi hamsini kwa futi mia moja, thumni ya ekari. Baadaye hata hiyo ikaonekana kubwa, ikakatwa tena.

Uuzaji wenyewe ulikuwa na taratibu zake, nami nitaueleza kwa sababu watu wa mbali hudhani tulikuwa tukinyang'anyana ovyo. Sheria ya udhibiti wa ardhi ya 1967 ilitaka kila mauzo ya shamba yapate kibali cha bodi ya ardhi. Kwetu hilo lilikuwa gumu, maana hati ilikuwa moja na majina yalikuwa mengi. Basi watu waliandikiana. Muuzaji na mnunuzi walikutana pamoja na mashahidi wa kila upande, majirani wa mipaka yote minne, na mzee mmoja wa kundi la asili. Walitembea mpaka kwa miguu. Walipanda mti au kuchimbia jiwe kila pembe. Kisha mtu mwenye mwandiko mzuri, na kwa miaka mingi nilikuwa mimi kwa kuwa nilikuwa mwalimu, aliandika makubaliano: fulani amemuuzia fulani, futi kadhaa kwa kadhaa, kwa bei hii, iliyobaki italipwa baada ya mavuno. Sahihi, vidole gumba vilivyopakwa wino, chai na mandazi. Karatasi nyingine zilipelekwa kwa chifu zikagongwa muhuri. Mpango ule uliheshimiwa kwa sababu waliokuwapo walijuana, na aliyeuza ploti mara mbili hakuwa na mahali pa kuficha uso.

Kasoro ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa. Karatasi zilitaja ploti. Njia ya kufikia ploti haikutajwa.

Baba alifariki katikati ya miaka ya themanini. Kaka zangu walitaka kugawana na kuuza sehemu, na hawakuwa na ubaya. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Mama hakuwazuia kuuza. Alichodai ni kwamba kabla ya ploti ya kwanza kukatwa, njia ipite kutoka barabara kuu hadi mwisho wa shamba, yenye upana wa kupishana mikokoteni miwili ya ng'ombe iliyojaa. Kaka mkubwa alipiga hesabu akamwonyesha: njia hiyo inameza ploti kadhaa nzima, kila futi ni pesa, na jirani yetu amewaachia wanunuzi wake kijia cha baiskeli bila mtu kulalamika. Mabishano yalichukua msimu mzima. Mama hakuwa amesoma, lakini alikuwa amebeba maji, kuni na wagonjwa, na aliijua njia kwa mgongo wake. Aliwaita wazee wa kundi, akawaambia kwamba mtoto atakayeuza kabla njia haijapimwa atauza bila kidole gumba cha mama yake, nao walikuwa wanajua mashahidi hawatatia sahihi bila yeye. Alishinda. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, na mstari wa kwanza ulitaja njia.

Jirani aliendelea kuuza kwa kijia. Sitamtaja, amelala kaburini, na hakufanya lolote ambalo wengine kumi hawakulifanya.

Kisha 1988 mipaka ya manispaa ilisogezwa, eneo lake likafika kilomita za mraba 147 hivi. Langas ikamezwa, pamoja na mashamba mengine mengi yaliyokuwa na hadithi kama yetu. Palikuwa na baraza kubwa chini ya miti. Baadhi ya wazee walishangilia: sasa stima itakuja, bomba litakuja, lami itakuja. Wengine walinyamaza. Mzee mmoja aliuliza kama bado ataruhusiwa kufuga, na swali lake likachekwa, lakini lilikuwa swali la mtu mwenye akili, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa akimlisha. Mji hufika kwanza kama karatasi. Tulisikia habari za kodi ya ardhi na leseni za vibanda, tukaanza kuwaona askari wa kanjo sokoni, na huku mahindi yakiendelea kuota kati ya nyumba.

Maji ndiyo yaliyonihuzunisha kuliko yote. Shamba la familia moja lilihitaji kisima kimoja na choo kimoja, na kati yake palikuwa na nafasi. Ploti ya futi hamsini kwa mia yenye vyumba kumi ilihitaji hivyo hivyo viwili, lakini nafasi haikuwapo, na ploti ya pili ilikuwa na vyake, na ya tatu vyake. Ardhi ile chini ni moja. Mvua za Aprili zilipojaa, visima na vyoo vilipanda pamoja. Darasani nilijua majira ya mvua kwa viti vitupu vya watoto wenye kuhara. Utafiti kuhusu maji ya Langas uliochapishwa 2007 ulikuta karibu visima vyote vifupi vilivyopimwa vina vijidudu vya kinyesi, na mwalimu yeyote aliyekuwa na rejista ya mahudhurio angeweza kuwaeleza watafiti hayo mapema. Bwawa la Chebara kule Marakwet lilileta maji mengi Eldoret mwishoni mwa miaka ya tisini, lakini bomba hupita palipo na njia. Kwenye njia ya Mama mabomba yalilazwa bila kugombana na mtu. Kwa jirani waliendelea kununua mtungi kwa mtungi kutoka mikokoteni, na mtungi wa mchuuzi ni ghali kuliko maji ya bomba ya tajiri wa Elgon View.

Wapo pia walioletwa Langas na hofu. Mwaka 1992, vita vya kikabila vilipowaka Burnt Forest na kwingineko, familia nzima zilishuka na vitanda vichwani, zikapanga chumba kimoja watu wanane. Walidhani ni kwa miezi. Wengine hawakurudi tena mashambani kwao, wakauza kule kwa hasara wakanunua ploti ndogo huku, kwa kuwa penye watu wengi mtu hujiona salama. Mtaa ulikua haraka sana katika miaka hiyo, na kukua kule kulikuwa na machozi ndani yake.

Usalama ule ulivunjika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Sitaeleza yote. Kanisa la Kiambaa, lisilo mbali na sisi, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 pamoja na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Langas yenyewe ilisikia risasi na ikaona moshi. Maelfu walikwenda Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret wakalala chini ya turubai. Sisi tulikaa katika ua wa kanisa jingine, na Mama, mzee sana wakati huo, alikataa kula mpaka aambiwe wapangaji wetu wote wamehesabiwa. Walikuwa wa makabila mengi. Walihesabiwa, mmoja akakosekana, akapatikana siku ya tatu.

Tuliporudi ndipo nilipoelewa jinsi tulivyokuwa tumejenga juu ya karatasi nyepesi. Nyumba zilizoungua ziliungua na makubaliano yake. Mtu alisimama juu ya majivu ya ploti aliyoinunua kwa mshahara wa miaka, bila sahihi hata moja mkononi. Mashahidi walikuwa wamekufa au wamehamia Nakuru, na mwingine alikuwa ameapa hatakanyaga Eldoret tena. Wajanja wakatokea na karatasi mpya za tarehe za zamani. Kwa wiki nyingi nilikaa na wazee waliobaki, tukipita ploti kwa ploti, wakisema huyu alinunua kwa huyu, mti ulikuwa hapa, mimi mwenyewe nilikunywa chai siku hiyo. Niliandika upya. Mtaa wa watu maelfu ulikuwa umehifadhiwa katika vichwa vya wazee wachache wenye kifua cha baridi. Watu walilipa majirani wao wakiaminiana, na imani ile ilikuwa ya kweli. Lakini imani haitoshi mji ukishafika.

Baadaye zilikuja nguvu nyingine. Baraza la manispaa lilikwisha na kaunti ikaanza 2013. Langas ikawa wadi katika eneo bunge la Kapseret. Mradi wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, KISIP, ulioanza 2011 kwa fedha za serikali, Benki ya Dunia na wafadhili wengine, uliihusisha Eldoret. Wapimaji walipita na mitambo yao, wakapanda bikoni. Taa ndefu za mulika mwizi zikasimama, na mama wa mboga akaweza kuuza hadi saa tatu usiku. Lakini barabara inapowekwa, lazima iwe na upana. Palipoachwa njia, mafundi walimwaga lami wakaenda. Palipobanwa, alama nyekundu zilichorwa ukutani: hapa bomoa, veranda hii toa, duka hili rudisha nyuma. Niliona baba mmoja akibomoa kwa mikono yake chumba alichokijenga kwa akiba ya kazi ya ulinzi wa usiku. Alikuwa amenunua ploti halali kwa mtu halali, futi zote zimo katika karatasi. Njia tu ndiyo haikuandikwa. Gari la zima moto lilikuwa halijawahi kufika mlangoni kwake, wala la wagonjwa. Jeneza la mkewe lilikuwa limebebwa mabegani, likainamishwa kwenye kona.

Viwanda vilivyotuletea wapangaji vilipita katika misukosuko yao. Rivatex iliingia mikononi mwa mrasimu 1998, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007. Wapangaji wakawa wanafunzi, waendesha bodaboda, wauza mitumba, wauguzi wa hospitali ya rufaa. Miwati ya EATEC iliuzwa ikakatwa. Ng'ombe wetu wa mwisho tulimuuza kwa sababu hapakuwa na majani ya kumlisha. Kaburi la Baba limezungushiwa waya, na ghorofa za jirani hulitazama kutoka juu; Mama hatukumzika hapo, nafasi haikuruhusu, tulimpeleka makaburini kwa gari lililoingia hadi mlangoni kwa njia yake mwenyewe.

Sensa ya 2019 iliikuta Eldoret na watu 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais alikabidhi hati ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Nilikwenda na wajukuu, nikafurahi kwa moyo wote. Tulistahili.

Lakini siku hizi nikipanda matatu kuelekea uwanja wa ndege, nikapita Kapseret na ile barabara ya mchepuko inayotoka Cheplaskei hadi Leseru, naona mabango katikati ya mahindi: ploti zinauzwa, hamsini kwa mia, lipa pole pole. Ngeria ni hivyo, Kipkenyo ni hivyo, Moiben ni hivyo. Ni mashamba kama yetu yalivyokuwa, na wenye mashamba ni watu kama Baba, wenye karo za kulipa. Siwaambii msiuze. Nawaomba ninyi wenye ekari, na ninyi wanunuzi mnaoonyeshwa vigingi Jumamosi asubuhi: pimeni barabara kwanza, pana ya kutosha lori na bomba, tengeni mahali pa shule, mkayaandike hayo mstari wa kwanza wa makubaliano na kuyasajili kabla ploti ya kwanza haijauzwa. Na asiyekubali kuiandika njia, msinunue kwake.